Kupunguza Matumizi Yanayojirudia Katika Bajeti ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu kaya za mijini nchini Tanzania, hasa zile zinazoishi kwa mshahara wa mwezi au kwa biashara ndogo yenye mapato yanayopanda na kushuka. Hoja yetu ni moja: gharama inayojirudia huamuliwa siku ya kwanza tu, kisha huendelea kulipwa miezi na miaka bila mtu yeyote ndani ya nyumba kuulizwa tena kama bado inahitajika. Kazi ya kupunguza matumizi, kwa hiyo, ni kuirudisha kila gharama ya aina hiyo mbele ya wanakaya ili iamuliwe upya.

Matumizi yanayojirudia ni yapi hasa?

Ni malipo yoyote yanayorudi kwa siku, wiki, mwezi au mwaka, yawe yanakatwa yenyewe au unayalipa kwa mkono wako. Kodi ya nyumba, umeme, maji, ada ya taka, kifurushi cha king'amuzi, bando la simu, nauli, marejesho ya mkopo, mchango wa kikoba, ada ya twisheni na makato ya benki yote yamo. Wengi hutaja yale yenye ankara pekee na kusahau yale yaliyogeuka kuwa mazoea, kama vile soda ya kila mchana kazini, bodaboda ya mwendo ambao zamani walitembea, au mkeka wa kubeti kila mwisho wa wiki. Mazoea hayo hayana ankara, lakini yana ratiba, na ratiba ndiyo inayoyafanya yaingie humu.

Nianzie wapi ikiwa sijawahi kuandika bajeti?

Usianze kwa kupanga. Anza kwa kutazama. Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu kutoka benki yako na kutoka mtandao wa simu unaotumia kutunza pesa, kwa sababu mwezi mmoja hautoshi kuonyesha malipo ya robo mwaka wala yale yanayoruka mwezi. Pitia mstari kwa mstari ukiwa na kalamu, na uweke alama kwenye kila jina lililotokea zaidi ya mara moja. Matumizi ya fedha taslimu hayataonekana hapo, kwa hiyo yaandike kwenye daftari kwa mwezi mmoja ujao, hata yale ya shilingi mia tano.

Baada ya hapo, badilisha kila kiasi kiwe cha mwaka. Hatua hii ndogo ndiyo inayofungua macho kuliko zote. Anayenunua bando la shilingi 1,000 kila siku hujiona ametumia pesa kidogo, lakini kwa mwaka ametoa shilingi 365,000, kiasi ambacho katika nyumba nyingi kinatosha kununua sare, madaftari na viatu vya watoto kadhaa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na kwenye taarifa ya miamala utaona kila bandu kwa tarehe yake.

Salio langu la simu hukatwa bila mimi kununua chochote. Nifanye nini?

Mara nyingi chanzo ni huduma za ziada ulizojiunga nazo kwa kujua au kwa kubonyeza bila kusoma: miito ya simu, ujumbe wa habari za soka, mawaidha, nyota, bahati nasibu na kadhalika. Kila moja hukata kiasi kidogo kwa siku au kwa wiki, na kwa kuwa hukata mara tu unapoongeza salio, wengi hudhani vocha imeisha kwa kuongea. Piga huduma kwa wateja, namba 100, uombe kusomewa orodha ya huduma zote zilizounganishwa na laini yako, kisha uagize ziondolewe zote usizozihitaji. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Makato yakiendelea, rudisha malalamiko kwa mtoa huduma kwanza, na asipoyashughulikia una haki ya kuyapeleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Fanya hivyo pia kwa laini za wazazi walioko kijijini, kwa maana wao ndio wanaokatwa kwa muda mrefu zaidi bila kulalamika.

Je, bando la mwezi ni nafuu kuliko la siku?

Kwa kila kipimo cha data au dakika, kwa kawaida ndiyo. Hata hivyo, bando kubwa huweza kuongeza matumizi badala ya kuyapunguza, kwa sababu mtu akiona ana data nyingi huiachia video icheze yenyewe. Tazama kwanza kwenye mipangilio ya simu umetumia data kiasi gani mwezi uliopita, kisha nunua kinacholingana na hicho. Nyumba yenye watu wanne wenye simu janja, kila mmoja akinunua bando lake, ipige hesabu ya jumla yao na kuilinganisha na bei ya intaneti moja ya nyumbani ya kulipia kwa mwezi. Pale inapopatikana, tofauti inaweza kuwa kubwa.

Umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) unaisha haraka. Ni wapi pa kupunguza?

Hapa panahitaji maelezo marefu, kwa kuwa umeme ndio gharama ambayo kaya nyingi huilaumu bila kuichunguza.

Kwanza fahamu uko kwenye kundi gani la bei. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, yaani kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti (kilowati-saa moja) katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na uniti zinazozidi hapo hulipiwa shilingi 350 kila moja. Mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti tangu uniti ya kwanza. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, mchango wa umeme vijijini wa asilimia 3 na tozo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya asilimia 1, ndiyo maana uniti ya shilingi 100 hutoka kama shilingi 122 na ile ya 292 hufika karibu shilingi 356. Maana yake ni kwamba kwa aliye kwenye D1, uniti ya 76 humgharimu zaidi ya mara tatu ya ile ya 75, na akivuka kiwango hicho mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1, ambako hata uniti zake za kwanza hupanda bei.

Pili, tafuta kifaa kinachokula sana, usihangaike na vyote kwa pamoja. Vifaa vinavyotoa joto ndivyo vya kwanza kushukiwa. Shawa ya umeme ya kilowati 4.5 ikitumika dakika 10 hutumia uniti 0.75, watu wanne wakioga hivyo mara moja kwa siku, nyumba hutumia uniti 3 kwa siku na uniti 90 kwa mwezi, ambazo kwa T1 ni kama shilingi 32,000. Shawa hiyo peke yake tayari imezidi zile uniti 75 za D1. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, sioni sababu ya shawa hiyo kuwashwa miezi yote kumi na miwili. Mbeya, Njombe na Arusha nyakati za baridi ni jambo jingine.

Balbu za zamani za wati 60 nazo zinastahili kuondolewa. Balbu moja ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi, ilhali ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga unaokaribiana nayo hula uniti 1.35. Kwa balbu nne, tofauti inazidi uniti 30 kwa mwezi. Jokofu lenye mpira wa mlango uliochoka hufanya kazi bila kupumzika. Bana karatasi kwenye mlango, na ikiwa inatoka bila kukwama, badilisha mpira huo kabla ya kufikiria kununua jokofu jipya. Pasi itumike mara moja kwa wiki kwa nguo zote, kwa kuwa kuipasha moto kila asubuhi kwa ajili ya shati moja ni upotevu.

Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu ingawa mimi ni mpangaji. Je, ni sawa?

Kodi hiyo ilianza kukusanywa kupitia LUKU mwaka 2021, na tangu mwaka wa fedha 2023/2024 ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani shilingi 1,500 kwa mwezi. Anayewajibika nayo ni mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa atunze risiti za LUKU na akubaliane na mwenye nyumba wake irudishwe au ipunguzwe kwenye kodi ya pango, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye mkataba.

Lipo tatizo jingine linalosahaulika. Nyumba moja yenye mita nne inaweza kujikuta inakatwa mara nne, yaani shilingi 72,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Mwenye nyumba wa namna hiyo afike ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, akiwa na namba za mita zake zote aombe kodi ibaki kwenye mita moja.

Nishati ya kupikia inanimaliza. Nichague mkaa, gesi au umeme?

Jibu linategemea unapika nini. Kwa chai, mayai na mboga za haraka, gesi hushinda, kwa sababu unaizima dakika ile ile chakula kinapoiva, wakati mkaa huendelea kuungua bila kitu juu yake. Kwa maharage, makande na nyama ngumu, jiko la umeme la presha linafaa sana: hupika maharage kwa chini ya uniti moja, na halihitaji mtu wa kulisimamia. Anayeendelea na mkaa aepuke kununua kwa kopo kila jioni ikiwa anaweza kujikusanyia bei ya gunia, kwa kuwa mnunuzi wa kopo ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote. Vilevile loweka maharage usiku kucha. Ni jambo la bibi zetu, halina gharama, na linapunguza muda wa kupika kwa kiasi cha kuonekana hata kwenye mtungi wa kilo 6.

Na maji?

Funga bomba zote usiku, soma mita, kisha isome tena alfajiri kabla mtu yeyote hajachota. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni tangi la choo. Fundi atachukua pesa mara moja, lakini uvujaji hulipwa kila mwezi.

Tunalipia king'amuzi kila mwezi, lakini hatuangalii sana. Tukiache?

Jiulizeni kila mmoja anaangalia chaneli zipi kwa kweli, na kwa siku ngapi za wiki. Nyumba nyingi hulipia kifurushi kikubwa kwa ajili ya mpira wa ligi peke yake, na ligi zikisimama katikati ya mwaka huendelea kukilipia kwa mazoea. Malipo ya ving'amuzi hapa nchini kwa kawaida ni ya kulipia kabla, kwa hiyo hakuna faini ya kuruka mwezi au kushuka kwenda kifurushi kidogo. Jaribuni mwezi mmoja bila kulipia. Mkikosa kitu cha maana mtarudi. Msipokikosa, mmekwisha kupata jibu.

Nimefuta programu kwenye simu, mbona kadi yangu bado inakatwa?

Kuifuta programu hakusitishi usajili wake. Usajili unakaa kwenye akaunti uliyolipia. Kwa simu za Android fungua duka la programu la Google, gusa picha yako, kisha uingie sehemu ya malipo na usajili. Kwa iPhone fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha usajili. Utaona yote yanayoendelea na tarehe ya kukatwa tena. Kuwa mwangalifu hasa na yale yanayoanza na majaribio ya bure ya siku saba, kwani huomba namba ya kadi mapema ili siku ya nane yaanze kukata bila kukuuliza.

Makato ya kutuma na kutoa pesa nayo ni ya kupunguzwa?

Ndiyo, na ni rahisi kuliko mengi. Ada ya kutoa hupangwa kwa madaraja, kwa hiyo kutoa shilingi 10,000 mara tano kunagharimu zaidi ya kutoa shilingi 50,000 mara moja. Dukani na sokoni lipa kwa Lipa Namba (namba ya malipo ya muuzaji) pale inapokubaliwa badala ya kutoa kwa wakala kwanza. Ikiwa unamtumia mama hela ya matumizi mara nne kwa mwezi, muulize kama angependa kuipata mara mbili au moja. Kwa wazee wengine kupokea kidogo kidogo ni usalama, na hapo ada ile ina kazi yake. Akaunti za benki usizozitumia tena, ambazo bado zinakatwa ada ya kila mwezi, zifunge rasmi tawini.

Ninakopa kwa simu kila katikati ya mwezi na kulipa mshahara ukiingia. Je, haya nayo ni matumizi yanayojirudia?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Mkopo unaorudiwa kila mwezi umekwisha kuacha kuwa msaada wa dharura. Riba na ada zake zimekuwa sehemu ya bajeti yako bila kuandikwa. Jumlisha ada zote za mikopo ya miezi mitatu iliyopita, pamoja na zile za huduma zinazokamilisha muamala salio lisipotosha, uone umelipa kiasi gani ili kutumia pesa yako mwenyewe mapema kidogo.

Kutoka humo kunahitaji kushuka ngazi taratibu. Ikiwa kila mwezi unakopa shilingi 100,000, mwezi ujao kopa 80,000, unaofuata 60,000, na ile 20,000 inayopungua kila mwezi itafutwe kwenye gharama nyingine zilizotajwa humu. Kaa mbali kabisa na wakopeshaji wa mitandaoni wasio na leseni, wale wa kausha damu, ambao huchukua orodha ya majina kwenye simu yako na kuwaaibisha wadaiwa kwa ndugu na marafiki. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hakikisha kwanza mkopeshaji wako amesajiliwa na Benki Kuu.

Michango ya harusi, kitchen party na misiba imezidi. Nitapunguzaje bila kuonekana nina roho mbaya?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu michango si upotevu. Ni bima tuliyorithi. Anayekuchangia leo mazishi ya baba yako hajaangalia bajeti yako, ameangalia utu. Kwa hiyo msiba na ugonjwa nisingeviweka kwenye orodha ya vitu vya kukata. Ningevitengea fungu la kila mwezi kama ninavyotenga nauli.

Sherehe ni habari tofauti. Kadi za michango huja nyingi kati ya Juni na Desemba, kila moja ikiwa imeandikwa kiwango cha chini kwa mtu mmoja na kwa wawili, na ahadi hutolewa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya watu wote kabla ya mtu kuangalia mfukoni. Kaeni mume na mke, au wewe na nafsi yako, mwanzoni mwa mwaka, mpange kiasi cha sherehe kwa mwaka mzima na ngazi za ukaribu: ndugu wa damu na rafiki wa karibu, wafanyakazi wenzenu na majirani, kisha mnaofahamiana tu. Ngazi ya mwisho itapata pongezi, zawadi ndogo au mkono wa kazi siku ya shughuli. Mkishaamua, toeni ahadi mnayoiweza na mtimize mapema, kwa kuwa kamati hukwazwa zaidi na ahadi ya laki moja isiyolipwa kuliko na thelathini elfu iliyofika kwa wakati.

Je, nimpunguzie mshahara dada wa kazi?

Hapana. Mshahara wake una kima cha chini kilichowekwa kwa amri ya mishahara ya serikali, na hata bila sheria, kubana matumizi kwa kumbana mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote ndani ya nyumba si haki. Kama kweli uwezo haupo, mweleze mapema, mpe notisi na stahili zake, mwachane kwa amani.

Ni gharama gani nisiziguse kabisa?

Usikate bima ya afya, dawa za mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari, chandarua, wala matengenezo madogo yanayozuia makubwa. Chakula cha watoto pia usikiguse, ingawa namna ya kukinunua inaweza kubadilika: mchele, unga, mafuta na sukari vikinunuliwa kwa jumla mara moja kwa mwezi, hata kwa kugawana gunia na jirani, huwa nafuu kuliko kwa kilo moja moja dukani. Maziwa, matunda na mboga vibaki mezani.

Mwenzangu hataki kusikia habari za bajeti. Nifanyeje?

Usimletee orodha ya makosa yake. Anza na gharama zako mwenyewe: mwonyeshe ulizokata na kiasi kilichobaki, kisha mwombe achague yeye moja ya kwake. Epuka mazungumzo hayo siku ya mshahara na siku ya kuishiwa, kwa maana siku hizo zote mbili watu huongea kwa hasira au kwa furaha iliyopitiliza. Kila mmoja pia abaki na kiasi kidogo asichohojiwa. Bajeti inayomlazimu mtu mzima kuomba ruhusa ya kununua karanga haidumu miezi miwili.

Pesa iliyookolewa iende wapi?

Iende mahali siku ile ile ilipookolewa. Ukiacha king'amuzi cha shilingi 28,000, tuma shilingi 28,000 tarehe ile ile uliyokuwa ukilipia, la sivyo itayeyuka kwenye matumizi mengine na mwisho wa mwezi hutaona tofauti. Wenye mikopo walipe mikopo kwanza. Wengine wajenge akiba ya dharura kwenye kikoba kinachoaminika, akaunti isiyo na kadi, au mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao hauzuii mtu kuchukua pesa yake anapoihitaji.

Nirudie ukaguzi huu mara ngapi?

Mara mbili kwa mwaka inatosha. Julai panafaa, kwa sababu sheria mpya ya fedha huanza tarehe mosi ya mwezi huo na tozo au kodi fulani hubadilika. Mwezi mwingine unaofaa ni Novemba, kabla ya ada za shule za Januari, ili ulichokata kiwe kimekusanyika kwa wiki kadhaa kabla ya shule kufunguliwa. Nje ya hapo, kagua pale kaya inapobadilika: mmehama, mtoto amekwenda bweni, mgeni amekuja kukaa, au mmoja wenu amebadilisha kazi.